Picha bila maelezo ni mali bila daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikiuchambua muundo wake na vina vyake mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu. Hata hivyo, sikuielewa barabara hadi siku nilipolifungua kopo la biskuti aliloliacha marehemu baba katika nyumba yetu ya Baba Dogo.

Wanaoifahamu Nairobi wanajua kuwa Baba Dogo ni mtaa wa viwanda. Baba alifanya kazi katika kimojawapo, zamu za mchana na za usiku, na starehe yake ilikuwa moja tu: mashindano ya magari ya Safari. Pasaka ilipokaribia, aliomba ruhusa kazini, akatia filamu ya picha 36 katika kamera yake kuukuu aina ya Yashica, kisha akatuchukua mimi na kaka yangu mkubwa kwenda kuyatazama magari. Filamu haikuwa kitu cha mchezo. Kuinunua kulihitaji pesa, na kuisafisha kulihitaji pesa nyingine. Kwa hiyo baba hakubonyeza kitufe ovyo. Aliisikiliza injini ikija kwa mbali, akakaza miguu, akalifuata gari kwa kamera jinsi mwindaji amfuatavyo ndege, na vumbi lilipotufunika ndipo tulipojua kuwa amekwisha kupiga.

Katika kopo lile nilikuta picha 41. Nilizigeuza moja moja. Hapakuwa na neno lililoandikwa nyuma ya hata moja.

Mojawapo inanikosesha usingizi. Inaonyesha gari aina ya Subaru lililotapakaa matope hata nambari ya mlangoni haisomeki. Kando ya njia amesimama mvulana wa miaka tisa hivi, amejiziba masikio kwa viganja na anacheka. Mimi nashikilia kuwa mvulana huyo ni mimi. Mama anashikilia kuwa ni kaka yangu, aliyefariki mwaka 1991. Kaka alinizidi miaka miwili, na alipokuwa na umri huo tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Ikiwa picha ilipigwa mwaka 1987, Hannu Mikkola aliposhinda kwa Audi, basi ni yeye. Ikiwa ilipigwa mwaka 1989, Miki Biasion aliposhinda kwa Lancia, basi ni mimi. Lakini Subaru zilishindana miaka yote miwili, na aliyejua ukweli hayupo. Tarehe moja ya kalamu ya risasi ingetosha. Mama hana picha nyingine ya kaka katika umri huo. Msomaji ataona basi kwamba ubishi wetu si wa magari.

Nimeyataja haya ya nyumbani kwa kuwa naamini si ya nyumbani kwetu peke yetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalianza kama burudani ya walowezi, lakini wananchi waliyateka. Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kenya, alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda, na Patrick Njiru akamaliza wa nne. Nilikuwa na miaka 14 wakati huo. Nakumbuka jinsi baba alivyosikitika kwa kuwa gari la Njiru lilipotupita, filamu ilikuwa imekwisha.

Majina ya madereva hayatapotea, maana yamo katika vitabu. Yatakayopotea ni yale ya upande wa pili wa barabara: umati uliokesha ukingojea, akina mama waliouza mahindi ya kuchoma, watoto waliochonga magari ya waya na kuyapa majina ya washindi. Historia hiyo haikuandikwa na mtu, ila ilipigwa picha na watu kama baba. Imelala katika makopo na masanduku ya mitaa yetu, bubu.

Kuna msemo tuliouazima kwa wageni kwamba picha moja ni sawa na maneno elfu. Kama mtu wa isimu, naomba kuupinga. Picha haina wakati uliopita wala ujao, haina nafsi ya kwanza wala ya tatu. Haiwezi kusema “jana” wala “huyu ni mwanangu”. Hayo ni maneno tu yanayoweza kuyasema. Picha isiyo na maneno hubaki ikimngoja mtu wa kuisemea, na mtu huyo akifa, nayo hunyamaza.

Mashindano yenyewe yanatupa somo hilo. Katika kila gari la mashindano huwa na watu wawili, dereva na mwelekezi wake. Siku chache kabla ya mbio huipita njia polepole. Dereva hutaja anachokiona, na mwelekezi hukiandika katika daftari: masafa ni mita ngapi, kona ni ya kulia au ya kushoto, ni kali kiasi gani, mbele yake kuna nini. Siku ya mbio mwelekezi humsomea, na dereva huamini maneno yale kabla macho yake hayajaiona kona. Fikiri, mwanafunzi, juu ya lugha hiyo. Haina kivumishi kisicho na kazi. Neno likikosekana, gari litaingia korongoni. Laiti insha zetu zingeandikwa kwa nidhamu ya namna hiyo! Basi maelezo ya picha nayo ni daftari la mwelekezi. Sisi tumeipita njia kwanza, na walio nyuma yetu wataipita wakiwa hawaioni.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ikarejea mwaka 2021 na makao yake makuu yakawa Naivasha. Miaka ile ya mwanzo ya kurejea, mkondo wa kwanza ulikimbiwa Kasarani, si mbali na Baba Dogo. Juni 2022 nilikwenda na kamera yangu, nikasimama mahali palipoinuka, upande wa ndani wa kona, maana gari likishindwa kukata kona hutoka nje. Niwaase vijana hapo hapo: hakuna picha inayostahili mguu wa mtu, sembuse roho yake. Msimamizi akikuambia rudi nyuma, rudi.

Mwaka huo Maxine Wahome wa Kenya alishinda daraja la WRC3, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Pembeni yangu walikuwapo wanafunzi wengi, kila mmoja na simu mkononi. Katika muda wa dakika kumi walipiga picha nyingi kuliko alizopiga baba maisha yake yote. Nilimuuliza mmoja wao gari lililopita lilikuwa la nani. Alicheka, akasema, “Sijui, Mwalimu, lakini nimelipata.” Nikajiuliza amepata nini. Simu itaibwa au kuharibika, na kama picha itasalimika, baada ya miaka 30 itakuwa vumbi na rangi tu.

Najua lipo jibu. Mwalimu mmoja rafiki yangu aliniambia kuwa shule zetu za Eastlands zina madarasa yaliyofurika na vitabu visivyotosha, na kwamba mbio za magari ni anasa ya matajiri. Ana haki. Gari moja la mashindano laweza kugharimu kuliko shule nzima. Lakini ninachokiomba hakigharimu chochote isipokuwa kalamu, na hakihusu magari peke yake. Harusi, jando, mazishi, mechi ya mtaa, jengo lililobomolewa, vyote vimo katika makopo yale yale. Isitoshe, maskini ndiye anayehitaji zaidi kuandika, kwa kuwa tajiri ana watu wa kumwandikia.

Pendekezo langu kwa walimu wa Kiswahili ni jepesi. Mpeni kila mwanafunzi kazi ya likizo: alete picha moja ya zamani kutoka nyumbani, akae na babu, bibi au jirani, aulize, kisha aandike sentensi tano. Ni nani hawa? Wanafanya nini? Ni wapi? Ni lini? Nani alipiga? Swali la tano ndilo linalosahauliwa, ilhali mpiga picha ndiye pekee asiyeonekana. Kazi hiyo itamfundisha ufupi, usahihi wa majina na nyakati za kitenzi. Pia itamfundisha kuwasikiliza wazee wangali hai. Lifanyeni haraka, maana kati yangu na jibu la swali langu palikuwa na mwaka mmoja tu. Baba aliishi mwaka mzima baada yangu kununua kamera yangu, na tulizungumza mengi kuhusu lenzi. Sikumwomba hata siku moja alifungue kopo lile.

Wiki iliyopita nilikwenda Baba Dogo kwa mama na kalamu. Tuliandika nyuma ya picha ile, yeye akitamka na mimi nikiandika: “Safari, Pasaka, 1987 au 1989. Mama anasema ni mwanawe wa kwanza. Wa pili anadhani ni yeye. Aliyepiga ni baba yao.” Mama aliniomba nimsomee tena. Kisha akairudisha picha juu ya nyingine, tukaichukua ya pili, tukaanza kuulizana.