Kabati la Vitabu na Daftari la Majina

Paukwa! Pakawa. Sogeeni karibu wajukuu zangu, na aliyekaa mbele asimzibe wa nyuma. Binti wa hadithi hii nimemtunga mwenyewe, na shule yake pia. Sheria nitakazozitaja, pamoja na miaka yake, ni za kweli.

Binti wetu anaishi Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi, kando ya barabara ya lami itokayo Manyoni kwenda Singida. Nyumbani wanalima alizeti na uwele. Ana mdogo wake wa kiume wa miaka sita, na mtoto yule ana kifafa. Siku moja alianguka jikoni, kichwa kikiwa shibiri moja tu kutoka kwenye mafiga. Watu wazima waliokuwepo walirudi nyuma, kwa kuwa walishaambiwa kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Binti ndiye aliyemvuta. Usiku ule hakulala. Alitaka kujua kama kweli povu linaambukiza, na kama lazima kuwe na mtu aliyemloga mdogo wake.

Shuleni kwao vitabu vilikuwepo. Vilikaa ofisini kwa walimu, ndani ya kabati la bati lenye kufuli, visije vikachanika. Juu ya meza, pembeni ya kabati, palikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, limeachwa wazi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila aliyeazima aliandikwa humo: jina, kidato, jina la kitabu, tarehe. Aliyekuja kuchukua chaki alilisoma. Aliyeleta madaftari ya kusahihishwa alilisoma. Wiki iliyotangulia mvulana mmoja aliazima kitabu kinachoeleza UKIMWI, na kabla kengele ya mapumziko haijalia alishapewa jina la utani.

Binti akaingia. “Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Unataka nini?”

Macho yake yakaangukia daftari. Nyumbani kwao ugonjwa wa mdogo wake hausemwi nje. “Nimetumwa chaki,” akasema. Akapewa vipande viwili, akatoka.

Mmeona kilichotokea? Hakuna aliyemkatalia. Ila kabati lililopaswa kuwa wazi lilifungwa, na daftari lililopaswa kufungwa lilikuwa wazi. Mimi nakasirika kila nikilifikiria, maana maktaba hujengwa kwa vitu hivyo viwili. Kimojawapo kikikosekana, zinabaki karatasi tu.

Nchi yetu ililianza jambo hili mapema. Sheria ya huduma za maktaba Tanganyika ilitungwa mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria mpya ikafuata mwaka 1975, nayo ndiyo iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba jina lake la sasa na kazi ya kuanzisha na kuendeleza maktaba nchini kote. Miaka ile babu na bibi zenu walikuwa wakikaa chini ya miti na vibao vya kuandikia katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Wakati wa Uhuru watu wengi zaidi hawakujua kusoma kuliko waliojua. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba watu wazima tisa katika kila kumi wanajua. Mtu aliyejifunza kusoma akikosa kitabu husahau, kwa hiyo vikapelekwa vitabu vijijini na magazeti ya vijijini yakachapwa. Fedha zilipopungua, rafu nyingi za vijijini zilibaki tupu. Leo Bodi iko chini ya Wizara ya Elimu, shule ya kata inasimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, na mtoto wa Issuna akitaka maktaba ya umma anatazama njia ya mjini Singida na nauli ya basi. Hilo nalo ni suala la sera. Sera maana yake ni uamuzi wa wakubwa kuhusu pesa iende wapi na ufunguo akae nao nani.

Sasa turudi kwenye daftari. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Ibara ya 18 inampa haki ya kutafuta na kupata habari. Mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa: raia akiiandikia ofisi ya umma kuomba taarifa, ijibu ndani ya siku 30. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Sheria hii inazihesabu taarifa za afya, na taarifa za watoto, kuwa nyeti, yaani za kushikwa kwa uangalifu kuliko nyingine. Kwa hiyo mzazi wa Issuna anaweza kuuliza kwa barua shule ilipokea shilingi ngapi za vitabu na vilinunuliwa vingapi. Hawezi kuuliza mtoto wa jirani amesoma nini. Sheria ile ya 2016 yenyewe inakataa kutoa taarifa inayoingilia faragha ya mtu bila sababu.

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 2005, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, wapelelezi wa FBI walileta barua wakitaka kujua nani alitumia kompyuta ya maktaba. Barua iliwakataza waliopewa kumwambia mtu yeyote kwamba wameipata. Wakutubi wanne, George Christian na wenzake, walikataa, wakaenda mahakamani. Mwaka uliofuata serikali ililegeza kamba, nao wakaruhusiwa kusema. Watu wanne wa rafu na mihuri wakaisimamisha serikali kubwa vile kwa ajili ya msomaji ambaye hata hawakumtaja.

Na binti wetu? Alirudi Ijumaa jioni, ofisi ikiwa tupu, akamweleza mwalimu wa maktaba kila kitu, sauti ikitetemeka. Mwalimu alinyamaza kidogo. Kisha akachukua rula, akachora safu mpya katika daftari, akampa kila mwanafunzi namba mahali pa jina, akalifunga daftari na kulitia kwenye droo. Akafungua kufuli la kabati. “Tafuta mwenyewe,” akasema, akatoka nje kusimamia usafi.

Kitabu cha afya kilikuwa rafu ya chini, kimeliwa pembe na panya. Binti alikisoma njia nzima. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Povu haliambukizi. Anayeanguka asogezwe mbali na moto, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, kisha apelekwe zahanati, dawa ipo.

Jumapili mdogo wake alianguka tena, uani, wakati wa kupeta alizeti. Shangazi akarudi nyuma. Binti akatupa ungo, akapiga magoti, akamgeuza ubavu.

“Shangazi, njoo,” akasema. “Mshike hapa begani.”

Shangazi akaja.