Kavumu: Karatasi ya "Emmel pozitifu" haitoshi kusema mtoto ni SS

KAVUMU – Karatasi ya labo yenye maneno mawili tu, "Emmel pozitifu", inaweza kuvunja uchumba au kumpa mtoto jina la mgonjwa kwa maisha yake yote. Lakini maneno hayo hayasemi kama mtu anaugua drepanositozi, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita SS. Jibu hilo linatoka kwenye kipimo kingine, ambacho familia nyingi haziombi kwa sababu hazijaelezwa tofauti.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatajwa pamoja na Nigeria na India kati ya nchi 3 ambako watoto wengi zaidi wanazaliwa na ugonjwa huu. Mjini Kinshasa, timu ya Daktari Léon Tshilolo ilipima watoto wachanga 31,204 na kutangaza matokeo mwaka 2009: asilimia 1.4 walikuwa SS, na karibu asilimia 17 walikuwa AS, yaani wanabeba alama ya ugonjwa bila kuugua.

Kavumu, katika teritware ya Kabare, iko juu milimani. Kwa kawaida alama hii ni nyingi zaidi mabondeni, kwenye malaria kali, kwa sababu anayeibeba anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper waliikuta kwa zaidi ya watu 4 kati ya 10 katika Wabamba wa Uganda, jirani na mpaka wetu wa Semliki. Lakini watu wanahama, wanaoana, wanakimbia vita. Mtoto wa Kavumu anayepungukiwa damu mara kwa mara, anayevimba vidole na kulia kwa maumivu ya mifupa, anaweza kutibiwa malaria miaka mingi bila mtu kufikiria SS.

Emmel inaona nini?

Kipimo cha Emmel, kilichoanza mwaka 1917, ni cha bei nafuu. Tone la damu linanyimwa hewa ya oksijeni, kisha mtu wa labo anatazama kwa darubini kama chembe nyekundu zinapinda na kuwa na umbo la mundu. Shida ni kwamba chembe za mtu wa AS zinapinda pia. Mwenye AS anaishi vizuri. Mwenye SS anahitaji matunzo ya kila siku. Emmel inawaweka wote katika kapu moja. Tena, kwa mtoto wa chini ya miezi 6 inaweza kutoona kitu, kwa sababu bado ana himoglobini nyingi ya utotoni.

Kutenga chembe, kusoma protini

Kipimo kinachotofautisha kinaitwa elektroforesi ya himoglobini. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni, na chembe moja nyekundu ina takriban milioni 270 za protini hiyo.

Kazi inaanza kwa kutenga chembe hizo na vitu vingine vya damu. Mashine inazungusha chupa ya damu kwa kasi: chembe nyekundu zinashuka chini, maji ya manjano yanabaki juu. Maji hayo yanaondolewa, na chembe zinaoshwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa. Maji ya manjano yamejaa protini nyingine, na zikibaki zinaweza kuvuruga usomaji.

Baada ya kuosha, chembe zinapasuliwa ili himoglobini itoke. Inawekwa kwenye karatasi maalumu au jeli, na umeme unapitishwa. Himoglobini A inatembea haraka kuelekea upande chanya; S inabaki nyuma. Sababu ni badiliko moja tu kati ya viungo 146 vya mnyororo mmoja wa protini hiyo, ambalo linaipunguzia chaji ya umeme. Linus Pauling na wenzake walionyesha tofauti hiyo mwaka 1949.

Matokeo yanasomeka kwa macho. Mstari wa A peke yake ni AA. Mistari ya A na S ni AS. Mstari wa S bila A ni SS.

Kosa la kuongezewa damu

Kuna jambo moja ambalo mzazi anaweza kulilinda mwenyewe. Mtoto akifika hospitalini akiwa mweupe kwa kukosa damu, anaongezewa damu ili aokolewe. Akipimwa wiki inayofuata, labo inasoma chembe zake zikichanganyika na za aliyetoa damu. Mtoto wa SS anaweza kuonekana AS. Kwa hiyo sampuli ichukuliwe kabla ya kuongeza damu. Ikishindikana, isubiriwe miezi 3 hadi 4.

Kwa watu wa Kavumu, vipimo vikubwa maana yake mara nyingi ni kushuka Bukavu, kilomita kama 30. Safari hiyo imekuwa nzito zaidi tangu M23 ilipoteka uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari 2025, siku 2 kabla ya kuuteka mji wa Bukavu. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka, vinavyotambua himoglobini A na S kwa tone moja la damu, bila umeme, ndani ya dakika chache. Navyo havitoi jibu la kweli baada ya kuongezewa damu.

Kujua mapema kunaokoa. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliofuatilia watoto 606 Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, ulionyesha kwamba dawa ya hidroksiurea ilipunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo.

Na kwa familia zinazomlaumu mama: mtoto wa SS amerithi S kutoka kwa baba na S kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta SS. Kabla ya kuvunja uchumba au kumtupia mtu lawama, ulizeni muganga: hii ni Emmel, au ni elektroforesi?