Buku Jero la LUKU: Mzee Anasamehewa, Mita Haijui

Kila mwanachuo anayekaa geto, iwe Sinza, Changanyikeni au kule Mbagala, anaujua mchezo huu. Mwanzo wa mwezi unanunua umeme wa elfu tano, unit zinakuja pungufu. Katikati ya mwezi unanunua wa elfu tano ile ile, unit zinakuja zote. Tofauti hiyo ni Sh1,500, yaani buku jero, na jina lake rasmi ni kodi ya majengo. Sisi tunalalamika kidogo, tunasubiri boom, maisha yanaendelea. Leo naomba tumtazame mtu mwingine anayekatwa buku jero hilo hilo: mzee wa miaka 70 anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, ambaye sheria inampa nafasi ya kusamehewa.

Kodi yenyewe si ngeni. Ina mizizi katika sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1983 kuhusu ukadiriaji wa majengo, na kwa miaka mingi halmashauri ndizo zilizopita mtaa kwa mtaa kuidai. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa TRA. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU: Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka wa fedha 2023/24 viwango vikapanda hadi Sh1,500 na Sh7,500. Kwa hiyo nyumba ya kawaida sasa inalipa Sh18,000 kwa mwaka. Kiwango ni kimoja, iwe ya vyumba viwili Tandale au ya geti na bustani kando ya bahari.

Kwa Serikali, LUKU imerahisisha kazi. Hakuna tena kugonga milango wala foleni ya bili. Ila urahisi huo una upande wa pili. Afisa wa mtaa aliyegonga mlango zamani alimwona bibi na mkongojo wake. Mita inaona namba tu. Haijui mwenye nyumba ana miaka 35 au 75, anaona au haoni, anatembea au yuko kitandani.

Sasa nani anastahili msamaha? Kwa ufupi ni mmiliki mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, au mtu mwenye ulemavu, kwa nyumba moja ya makazi anayoishi mwenyewe. Nyumba ya pili haimo, na nyumba ya biashara haimo. Miaka 60 ndiyo umri ule ule ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautumia kumtambua mzee.

Na wapiganaji wetu wa zamani? Misamaha ya kwetu imejengwa juu ya umri na ulemavu, si juu ya utumishi jeshini. Hata hivyo piga hesabu: aliyekuwa na miaka 18 vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, alitimiza 60 mwaka 2020. Kwa hiyo askari wa vita ile anaingia kwa mlango wa uzee kama jirani yake ambaye hakuwahi kushika bunduki. Kwingine wamechagua njia tofauti. Katika jimbo la Texas, Marekani, askari wa zamani aliyethibitishwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 uliotokana na utumishi hatozwi kabisa kodi ya nyumba anayoishi. Lakini hata huko ni lazima aombe.

Hapo kwenye kuomba ndipo wazee wetu wanapokwama. Msamaha hauji wenyewe, mwenye nyumba anapaswa kwenda kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo na vithibitisho: kitambulisho cha NIDA kinachoonyesha umri, uthibitisho wa umiliki, namba ya mita, na ni vizuri kuwa na barua ya serikali ya mtaa inayosema kweli anaishi hapo. Kwenye karatasi ni jambo la asubuhi moja. Kwa mzee wa Charambe ni nauli, magoti, na nyaraka zilizokaa chini ya godoro tangu enzi za Mwalimu.

Umiliki ndio mtihani mkubwa. Sehemu nyingi za Temeke na Kinondoni zimejengwa bila kupimwa, na karatasi ya mzee ni hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe, au leseni ya makazi. Halafu kuna wajane. Jirani yetu mmoja, bibi wa miaka 72, nilipomweleza habari ya msamaha alicheka: "Mjukuu wangu, kwani mimi na LUKU tunadaiana?" Nyumba bado iko kwa jina la marehemu mumewe. Yeye ana umri, ila jina si lake. Kabla ya kuomba msamaha inabidi familia ianze na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Kazi yote hiyo kwa ajili ya Sh18,000 kwa mwaka. Wengi wanaona bora kukatwa.

Wengine watasema elfu kumi na nane ni nini? Kwa anayenunua unit kwa bei ya chini ya Sh122, buku jero ni unit 12 hivi kila mwezi. Kwa mtu anayewasha taa mbili na redio, hizo ni siku nyingi za mwanga. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea anapewa pensheni jamii, iliyoanza na Sh20,000 kwa mwezi. Yaani malipo ya mwezi mmoja tu yalizidi kodi hii ya mwaka mzima. Bara hakuna pensheni ya namna hiyo, kwa hiyo kwa mzee asiyewahi kuajiriwa, nyumba yake ndiyo pensheni. Anapangisha chumba cha uani apate hela ya dawa. Akishapangisha, hoja kwamba nyumba ni ya makazi yake tu inaanza kuyumba. Mimi naona chumba kimoja cha kujikimu kisimgeuze bibi kuwa mfanyabiashara, na hili wanasheria wetu wa chuo wanaweza kuliandikia hoja nzuri.

Wakati hoja hiyo ikisubiriwa, likizo inakaribia. Ukifika nyumbani, baada ya shikamoo, uliza mita imesajiliwa kwa jina la nani. Kama nyumba ni moja na ina mita tatu, angalia zisiwe zinakatwa zote. Wewe mpangaji pia, kisheria anayedaiwa kodi ya jengo ni mwenye jengo. Kaa naye mkubaliane jinsi buku jero lako litakavyopunguzwa kwenye kodi ya chumba. Na kama mwenye nyumba wako ni mzee aliyevuka 60 na anaishi humo humo, msindikize akaombe msamaha. Akisamehewa yeye, umeponea na wewe.