Safari ya kutwa Ukambani: hesabu saa kabla ya kuhesabu vivutio

Likizo zinapokaribia, vyama vya akina mama, madrasa na vikundi vya vijana hapa Pwani huanza kuchanga pesa za matembezi. Waliokwisha kuzoea Malindi na Tsavo Mashariki sasa wanatupa macho Makueni na Kitui. Barabara ya lami inayotoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui hadi Migwani, yenye urefu wa kilomita 192, imefungua njia ambayo zamani ilikuwa vumbi na mashimo. Ndipo linapokuja tangazo kwenye simu: tutaondoka Mombasa alfajiri, tutapita Makindu, tutapanda Chyulu, tutaona Jiwe la Nzambani, na usiku tutalala kwetu.

Ratiba kama hiyo haiwezekani. Hebu tuihesabu pamoja.

Kutoka Mombasa hadi Kibwezi ni karibu kilomita 300. Gari la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye barabara ya Mombasa, penye malori na vituo vya polisi, hakuna dereva anayekwenda 80 mwendo mzima. Ukitia vituo vya choo, chai na sala, wastani wa kilomita 55 kwa saa ni wa haki. Hiyo ni saa tano na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Jumla ni saa kumi na moja, na hapo umefika Kibwezi tu. Kwenda Kitui mjini ongeza saa mbili na zaidi kila upande.

Sasa weka sheria kando ya hesabu hiyo. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 hazimruhusu dereva kuendesha zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Kwa hivyo safari ya kutwa kutoka Mombasa hadi Ukambani kwa dereva mmoja inavunja sheria hata kabla hamjashuka kupiga picha. Anayeivunja si dereva peke yake. Ni pamoja na aliyepanga ratiba na kumkabidhi.

Treni nayo haiokoi ratiba hiyo. Treni ya vituo huondoka Miritini saa mbili asubuhi na husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Lakini treni ya vituo inayorudi Mombasa nayo huondoka Nairobi saa hiyo hiyo ya asubuhi, ikapita Kibwezi kabla ya adhuhuri. Anayeshuka Kibwezi akitaka kutembea, hana budi kulala.

Basi jibu ni kulala. Chagueni kaunti moja, mlale mahali pamoja usiku mbili, na siku ya katikati ndiyo iwe safari yenu ya kutwa. Siku ya kwanza ni ya njia, siku ya tatu ni ya njia. Siku ya pili muwe na jambo kubwa moja, na dogo moja mkipata nafasi.

Mkichagua Makueni, laleni Kibwezi au Mtito Andei. Jambo kubwa ni Vilima vya Chyulu, hifadhi ya taifa tangu 1983. Kwa mtu wa Mombasa kilima hiki si kigeni: mvua inayonyesha Chyulu hupenya kwenye mawe ya volkano, ikapita chini ya ardhi na kuibuka katika chemchemi za Mzima, ambako bomba lililojengwa miaka ya 1950 huyaleta maji Mombasa. Hilo pekee linatosha kuwa somo la siku nzima kwa watoto wa madrasa. Lakini njia za Chyulu zinataka gari la magurudumu manne yenye nguvu, si matatu ya kukodi kwa bei nafuu. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na malipo hufanywa kwa mtandao, hivyo yamalizeni kabla ya kuondoka nyumbani.

Jambo dogo la kaunti hiyo ni hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambalo hulisha wasafiri wa dini zote bila malipo. Chakula chake hakina nyama, kwa hivyo swali la nyama ya halali halizuki. Funikeni vichwa, vueni viatu, wala msiingie na sigara. Kundi la watu 40 lisitokee ghafla saa ya chakula. Kiongozi awapigie wenyeji mapema.

Mkichagua Kitui, laleni Kitui mjini. Jambo kubwa ni Jiwe la Nzambani, lisilo mbali na mji, ambalo hupandwa kwa ngazi za chuma. Nendeni asubuhi kabla chuma hakijashika moto. Wenyeji husimulia kwamba anayelizunguka jiwe mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume, watoto hawatasahau. Wenye magoti mabovu hawatapanda, kwa hiyo mwongozaji awe na kivuli, maji na masimulizi ya kuwapa walio chini. Masimulizi yapo: misafara ya Wakamba ilishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa karne ya 19, na Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai, alifika kwa mzee Kivoi wa Kitui mwaka 1849 na kuuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Alikwenda kwa miguu kwa wiki kadhaa. Sisi tunalalamika kulala usiku mbili.

Angalieni pia majira. Mito mingi ya Ukambani ni mchanga mtupu kwa miezi, kisha hufurika kwa saa chache, hasa mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, ambazo ndizo mvua kubwa za huko. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mto wa namna hiyo dawa yake ni kungoja maji yashuke, au kurudi mlikotoka. Ratiba iliyobanwa haina saa ya kungoja, na dereva anayepigiwa kelele kwamba mmechelewa atashawishika kuingia majini. Mwenda pole hajikwai, lakini lazima apewe muda wa kwenda pole.

Kundi hutembea kwa kasi ya aliye mzito zaidi. Kituo cha dakika 20 kwa watu 40 wenye choo mbili ni dakika 45. Hesabuni hivyo, mpange chakula cha mchana pamoja na sala ya adhuhuri mahali pamoja, na mtafute mwongozaji mwenye leseni anayezungumza Kikamba na Kiswahili.

Kabla ya kutuma mchango wako, muulize mpangaji maswali matatu. Dereva ataendesha saa ngapi kwa siku? Tutalala wapi? Tukichelewa saa mbili, tutaacha kituo gani? Aliyepanga vizuri atakujibu papo hapo. Akianza kukuambia kwamba Mungu atatufikisha, pesa zako bado ziko mkononi mwako.