Tajiri wa timu akae jukwaani au kwenye benchi?



Juma lililopita nilikuwa kijiweni karibu na Soko Kuu nikisubiri chai, mazungumzo yakawa yale yale ya kila siku, yaani kandanda. Kijana mmoja wa bodaboda akanigeukia akaniambia: "Kaka mwandishi, tumechoka na maneno. Tutafutie tajiri tumkabidhi Majimaji, afanye atakavyo, mradi turudi Ligi Kuu." Wote waliokuwepo wakaitikia. Hata mama muuza chai, ambaye kwa kawaida huwa hachangii mambo ya mpira, alitikisa kichwa kukubali.

Nilikunywa chai yangu nikaondoka, lakini maneno mawili yalibaki kichwani: "afanye atakavyo". Hayo ndiyo ninayotaka tuyajadili leo. Je, mtu anayemiliki timu ya mpira, au anayetoa fedha zake kuiendesha, aingilie mambo ya timu hiyo kwa kiasi gani?

Nawaelewa wanaotafuta tajiri. Majimaji si timu ya kubeza. Hii ni timu iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikarudia mwaka 1986, na ikautwaa tena mwaka 1998 wakati mimi nikiwa kijana wa sekondari. Baadaye Wanalizombe walipotea, wakarudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, na mwaka 2018 wakashuka daraja pamoja na jirani zao Njombe Mji. Mwenye njaa hachagui chakula. Lakini mwenye njaa huyo huyo akiweka dole gumba kwenye mkataba asioujua, kesho anaweza kukuta nyumba si yake.

Kwanza tutofautishe maneno, maana mitaani tunayachanganya. Mdhamini ni yule anayelipa ili jina la bidhaa yake likae kwenye jezi. Mkataba ukiisha anakwenda zake. Mfadhili ni mtu mwenye mapenzi na timu, anayetoa nauli, posho na fedha za kambi bila kudai hisa. Mwekezaji ananunua sehemu ya timu na anatazamia kupata kitu. Mmiliki ni mwenye mali. Kila mmoja ana haki yake, na haki hizo hazilingani. Matatizo mengi ya klabu zetu huanza pale mfadhili anapojiona mmiliki, au mwekezaji anapochukuliwa na wanachama kuwa mfadhili tu, wa kutoa na kunyamaza.

Aidha, timu zenyewe hazifanani. Ziko timu za makampuni na taasisi, kama Mtibwa Sugar iliyotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000 ikiwa na kiwanda cha sukari nyuma yake, au Azam iliyoanzishwa na kampuni ya Bakhresa na kuchukua ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Hapo mwenye mali anajulikana na hakuna mwanachama wa kulalamika. Halafu ziko klabu za wanachama, ambazo wazee walizijenga kwa michango yao. Kwa hizi, Serikali kupitia Baraza la Michezo la Taifa iliweka utaratibu mwaka 2017 kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na uwekezaji usizidi asilimia 49. Ndiyo maana Mohammed Dewji, ambaye mwaka 2016 aliomba asilimia 51 za Simba kwa shilingi bilioni 20, ilibidi ateremke. Wajerumani nao wana kanuni ya namna hiyo tangu mwaka 1998: kura nyingi lazima zibaki kwa wanachama, isipokuwa kwa timu chache kama Bayer Leverkusen na Wolfsburg ambazo zilizaliwa viwandani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa maoni yangu, kazi halali ya mwenye timu ni nne. Ya kwanza ni kupanga bajeti: timu itumie kiasi gani na kitoke wapi. Ya pili ni kuchagua watendaji wakuu, yaani mtendaji wa klabu na kocha, baada ya kusikiliza wanaojua. Ya tatu ni kuweka lengo linaloeleweka, kwa mfano kumaliza katika nafasi nne za juu, au kulea vijana kwa miaka mitatu. Ya nne ni kudai taarifa na hesabu kwa wakati uliopangwa. Akimaliza hayo, arudi jukwaani akae na familia yake afurahie mpira.

Kwa nini asiende zaidi ya hapo? Nitatoa mfano niliouona kwa macho. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natangaza mchezo wa timu moja ambayo sitaitaja. Wakati wa mapumziko simu ya meneja wa timu ililia. Alisikiliza, akamsogelea kocha, akamnong'oneza. Kipindi cha pili kilipoanza kiungo aliyekuwa akicheza vizuri kuliko wote alikuwa amekaa benchi. Timu ilifungwa. Baada ya mchezo nilimuuliza kocha sababu, akanijibu kwa upole kwamba yale yalikuwa mabadiliko ya kawaida ya kiufundi. Macho yake yalisema mengine.

Ubaya wa simu ile hauko kwenye mchezo mmoja uliopotea. Tangu siku hiyo kila mchezaji alijua kwamba mwenye kauli hayupo uwanjani. Mchezaji aliyewekwa nje hakwenda tena kwa kocha kuuliza afanye nini ili arudi kikosini. Alikwenda kutafuta namba ya simu ya tajiri. Nidhamu ya mazoezi ikaporomoka. Kocha naye akaanza kupanga kikosi cha kumfurahisha bosi ili alinde mkate wake. Na msimu ulipoharibika hakuna aliyeweza kuhukumiwa kwa haki. Kocha anasema hakupanga yeye, tajiri anasema kocha ndiye aliyeandika majina. Anayefukuzwa, bila shaka, ni kocha.

Wenzetu wa Ulaya hawakuepuka ugonjwa huu. Huko Italia, Maurizio Zamparini aliyeinunua Palermo mwaka 2002 alijulikana dunia nzima kwa kufukuza makocha, na wengine aliwafukuza akawarudisha ndani ya msimu ule ule. Aliipandisha timu ile na kuifikisha mashindano ya Ulaya, hilo hatuwezi kumnyima. Lakini aliiuza mwishoni mwa mwaka 2018 ikiwa katika hali mbaya ya fedha, na mwaka 2019 Palermo ilinyimwa nafasi katika daraja la pili, ikalazimika kuanza upya kutoka daraja la nne.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Mwenye timu anayekaa mbali mno naye ni hatari. Klabu zetu tunazijua. Mapato ya mlangoni huhesabiwa gizani, mchezaji huuzwa na fedha zikayeyuka njiani, na kiongozi hununua mchezaji mgonjwa wa goti kwa sababu wakala ni shemeji yake. Tajiri anayetoa fedha bila kuuliza analisha wajanja, na wachezaji wanabaki bila mishahara. Kwa hiyo mwenye timu ana haki ya kuuliza maswali magumu. Kwa nini tumesajili washambuliaji watano? Kwa nini kambi imegharimu fedha nyingi hivi? Kwa nini vijana wetu hawapati nafasi? Hayo ni maswali, na kocha ayajibu ofisini kwa heshima. Lakini kuuliza kwa nini fulani hachezi ni tofauti na kuagiza fulani acheze Jumamosi.

Liko jambo jingine ambalo naliona kubwa kuliko hayo yote, nalo ni siku ya kuondoka. Kila tajiri huondoka. Anachoka, anafilisika, anagombana na watu, anaumwa au anakufa. Yanga walilipata somo hili. Yusuf Manji alikuwa mwenyekiti wao tangu mwaka 2012, akiwa kiongozi na mfadhili kwa pamoja. Chini yake Yanga ilitwaa ubingwa misimu minne: 2012/13, kisha mitatu mfululizo hadi 2016/17. Mei 2017 akajiuzulu. Kilichofuata tunakikumbuka: klabu kubwa kama ile ikapitisha bakuli kwa wanachama, na Juni 2019 ikafanya harambee jijini Dar es Salaam ili isajili. Ubingwa haukurudi Jangwani hadi msimu wa 2021/22. Marehemu Manji, aliyefariki mwaka 2024, hakukosea kutoa fedha zake. Kosa lilikuwa la klabu nzima kuegemea bega la mtu mmoja bila kujifunza kusimama.

Simba nao walionja kidogo. Januari 2020, usiku ule walipofungwa na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, Dewji alitangaza kwenye mtandao kwamba anaacha uenyekiti wa bodi. Muda mfupi baadaye alibatilisha uamuzi huo, lakini washabiki walikuwa wamekwisha kupata homa. Ni haki yake binadamu kukasirika timu ikifungwa. Lakini klabu yenye mamilioni ya wapenzi haipaswi kulala macho kwa sababu mtu mmoja amekasirika usiku. Hata Chelsea ya Uingereza, pamoja na mabilioni yake, Machi 2022 ilijikuta hairuhusiwi kuuza tiketi mpya wala jezi dukani, kwa kuwa mali za mmiliki wake, Roman Abramovich, zilizuiwa na Serikali ya nchi ile kutokana na vita vya Ukraine.

Basi turudi hapa nyumbani, maana hatari yetu sisi watu wa mikoani ni kubwa zaidi. Mnaikumbuka Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya? Ndiyo timu iliyowafunga Yanga mabao 2-1 Novemba 2022 na kukata mwendo wao wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Mbarali nzima ilicheza ngoma siku ile. Katika msimu wa 2023/24 timu ikahamishiwa Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wana haki ya kuona mpira. Ninachosema ni kwamba mwana Mbarali aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kuishangilia timu yake, leo hana timu ile. Mwenye mali aliamua, na mwenye mapenzi hakuwa na karatasi.

Ndugu zangu wa Songea, hebu fikirini jina la Majimaji likibadilishwa. Jina lile halikuokotwa. Ni jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907, vita vilivyowafanya Wajerumani wawanyonge mashujaa wa Kingoni katika mji huu huu tarehe 27 Februari 1906. Kila mwaka tunawakumbuka kwenye makumbusho yao. Tajiri akija na kusema timu sasa ihamie mji wenye uwanja mzuri zaidi na iitwe kwa jina la kampuni yake, yule kijana wa bodaboda atamjibu nini? Alishamwambia afanye atakavyo.

Kwa hiyo mimi sisemi tusitafute tajiri. Tumtafute, tena kwa bidii, kwa sababu zama za ofisi ya mkoa, mashirika ya umma na vyama vya ushirika kubeba timu zimepita. Lakini kabla ya kupeana mikono tuandike mambo manne. Jina, rangi na makazi ya timu yasiguswe bila kura ya wanachama. Kupanga kikosi kubaki kazi ya kocha. Hesabu zikaguliwe na zisomwe hadharani kila mwaka. Hata Shirikisho la Soka la Afrika linadai hesabu zilizokaguliwa kabla ya kuipa klabu leseni ya kucheza michuano yake. Na mwisho, tajiri akitaka kuondoka atoe taarifa mapema, msimu mmoja kamili, huku sehemu ya fedha zake ikiwa imewekwa benki kwa ajili ya mishahara ya kipindi hicho.

Na sisi wanachama tuna wajibu. Asilimia 51 ya mwanachama asiyelipa ada, asiyekuja mkutanoni na asiyesoma hesabu ni asilimia ya kwenye karatasi tu. Tajiri atakapoona kiti kiko wazi, atakaa, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Jana nilipita tena pale kijiweni nikamuuliza yule kijana: "Tajiri akija, akaipeleka Majimaji mji mwingine, utakubali?" Alinyamaza kidogo, akawasha pikipiki yake. "Hapana kaka," alisema, "hilo tumwandikishe kabla."

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza tena. Kwaherini.