Seli ya Saratani Haingoji Kisu

Huku kwetu Kanda ya Ziwa, Buzwagi hadi Geita, si ajabu kusikia kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Imani hii inaua. Mgonjwa anakwepa upasuaji, anazungushwa kwa waganga, anarudi hospitali ugonjwa ukiwa umeshahama. Seli ya saratani haihitaji kisu ili isafiri.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanzo chake ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa mwanamke anayeishi na VVU hatari huwa mara 6 ya ile ya asiye na VVU. Penye dhahabu, kama huku kwetu, watu huja na kuondoka, na virusi husafiri nao. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulisitisha uzalishaji mwaka 2021, lakini wachimbaji wadogo wa Kahama bado wako kwenye maduara yao ya kuchimbia.

Mlango wa kizazi umefunikwa na tabaka la seli zilizoshikanishwa na protini iitwayo kadherini. Chini ya tabaka hilo kuna utando mwembamba mno, hauonekani kwa macho. Seli zilizoharibiwa na HPV zinaweza kukaa juu ya utando huo miaka 15 hata 20, bila maumivu yoyote. Kinga ya mwili ikiwa dhaifu, muda hupungua hadi miaka 5 au 10. Zikiwa hapo juu hazina pa kwenda, kwa sababu tabaka hilo halina mishipa ya damu wala ya limfu.

Kisha baadhi ya seli hupunguza kadherini na kujinasua kwa jirani zao. Zinamwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha utando, zinachomoza ncha, zinajipenyeza. Zikishavuka, zimeikuta mishipa. Nyingine hazifiki mbali: zinaenea pembeni na kuibana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufariki kwa figo kushindwa kazi. Nyingine huingia kwenye tezi za limfu za nyonga, halafu mapafu, ini, mifupa.

Zinazoingia kwenye damu hufa karibu zote. Zinazopona hazioti popote tu. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alizifananisha na mbegu, ambazo huota pale tu udongo unapozikubali. Kazi hii yote hufanyika kimyakimya. Daktari anapopasua na kukuta ugonjwa umeenea, mgonjwa akafariki, ndugu hukilaumu kisu kilichofika mwisho kabisa.

Kwa hiyo wakati wetu ni ile miaka kabla ya utando kuvukwa. Kipimo cha kuziona seli hizo hakihitaji mashine kubwa: mhudumu anapaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na sehemu yenye seli zilizobadilika inageuka nyeupe. Mara nyingi inaweza kuunguzwa kwa joto siku hiyohiyo, na mama akarudi nyumbani. Akichelewa, safari ni ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka Kahama.

Na kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14 ipo chanjo ya HPV. Utafiti uliofanyika hapahapa Mwanza, kwa wasichana 930, ulisaidia kuonyesha kwamba dozi moja inatosha.