Majaribio Mengi, Majibu Machache

Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipopamba moto, ilikuwa nadra wiki kupita bila tangazo la dawa inayoponya. Nyuma ya mengi ya matangazo hayo palikuwa na majaribio ya wagonjwa makumi tu, wakati mwingine bila kundi la kulinganisha. Wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipokuja kuyapitia majaribio ya dunia nzima, walikuta ni takriban asilimia 5 tu ya makundi ya tiba yaliyopangwa kwa kura na kuwa na watu wa kutosha kutoa jibu.

Idadi ina uzito wake. Tuseme dawa inaokoa watu watatu katika kila wagonjwa mia. Ukiijaribu kwa wagonjwa 60, nusu wapewe na nusu wasipewe, huenda wakafa 7 huku na 8 kule. Tofauti ya mtu mmoja bahati pekee yaweza kuileta.

Uingereza walishika njia nyingine. Machi 2020, Peter Horby na Martin Landray wa Chuo Kikuu cha Oxford walianzisha jaribio la RECOVERY, lililoenea katika hospitali zaidi ya 170. Mgonjwa akiridhia, daktari alijaza fomu fupi mtandaoni, kompyuta ikapiga kura: huyu aongezewe dawa, yule aendelee na matibabu ya kawaida. Swali kuu lilikuwa moja: nani yu hai baada ya siku 28? Ujanja wote ulikuwa hapo, maana wodi iliyozidiwa haina muda wa makaratasi.

Kufikia Juni jibu lilipatikana. Deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, walipewa wagonjwa 2,104. Wengine 4,321 hawakupewa. Kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilikuwa asilimia 29.3 badala ya 41.4. Wasiohitaji hata oksijeni hawakunufaika, na huenda iliwadhuru. Jaribio dogo lisingewatenga hawa na wale, na dawa ingegawiwa kila mwenye kikohozi. Haidroksiklorokwini nayo, iliyosifiwa hata na marais, iliangukia humo humo: walikufa asilimia 27 ya waliopewa, na 25 ya wasiopewa.

Wapo wanaosema ni ukatili kumpigia mgonjwa kura. Mimi naona ukatili ni kumpa dawa usiyoijua, kisha usijifunze lolote. Siku nyingine ukisikia dawa imetangazwa, uliza waliojaribiwa walikuwa wangapi, na nani aliamua yupi apewe.